Miezi 14 na Hilux Vigo dabo kebini: nilichofurahia, nilichojutia, na daftari langu la safari

Mkulima wa Jioni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi mwaka jana, pale jamaa mmoja alipouliza achukue pikapu au Harrier, tukamshambulia wote kana kwamba kila mmoja wetu ana pikapu mbili nyumbani. Mimi wakati ule ndiyo kwanza nilikuwa nimechukua yangu, nikasema ngoja niitumie kwanza.

Niko Njombe. Mchana ni mtu wa mahesabu ofisini, jioni na Jumamosi ni mkulima. Nina parachichi za Hass kilomita 28 kutoka mjini, upande wa Lupembe, na viazi kidogo. Nilikuwa na IST. IST nayo ilikuwa inafika shamba, tusiisingizie, ila kuanzia Januari mpaka Aprili ilikuwa inafika kwa kusukumwa na vijana wa kijiji, na kila kijana anataka buku mbili. Siku moja nikaiacha matopeni siku mbili. Niliporudi nikakuta kuku wametagia chini yake.

Nikauza IST kwa milioni 11, nikaongeza mkopo wa SACCOS, nikachukua Hilux Vigo ya 2010, injini ya 2KD dizeli, manyuo, dabo kebini, kwa milioni 36 pale Dar. Nikaendesha mwenyewe mpaka Njombe. Ile siku sitasema uongo: nilijiona nimefika. Pale Mikumi nilisimama kununua maji ambayo sikuyahitaji, nipate tu sababu ya kushuka na kuitazama.

Raha ile ikaishia Kitonga. Mvua ilikuwa inanyesha, nyuma tupu, mimi nimezoea IST. Kwenye kona moja mkia ukataka kunipita. Sikuwa na mwendo mkali hata kidogo. Aliyenifuata nyuma na Fuso akanikuta nimeegesha nahema, akacheka: "Braza, hiyo bila mzigo ni mbuzi." Springi zimetengenezwa kubeba karibu tani, wewe umepakia begi na katoni ya soda. Sasa hivi msimu wa mvua natembea na viroba vinne vya mchanga juu ya ekseli ya nyuma na nimepunguza upepo wa tairi za nyuma. Aliyeniuzia alikuwa amezijaza kama za kubebea kokoto.

Sasa daftari. Kwa sababu ya kazi yangu nina ugonjwa wa kuandika. Tangu siku ya kwanza nimeandika kila siku bodi ya nyuma ilibeba nini. Nimefunga hesabu wiki iliyopita, siku 426:

bodi tupu, siku 288
mzigo wangu, siku 57
mzigo wa watu wengine, siku 81

Soma tena hiyo ya mwisho. Gari ni langu, deni la SACCOS ni langu, lakini limewabebea watu kuliko lilivyonibebea mimi. Vitanda, mabati, majeneza mawili, viti vya harusi, tangi la maji la lita 2,000 (lilikuwa tupu, nashukuru), ng'ombe mmoja ambaye sitaki kumzungumzia. Sijawahi kuazimwa IST kwa miaka sita. Pikapu niliazimwa siku ya tatu.

Mafuta: IST ilikuwa elfu 60 kwa wiki. Hii ni laki moja na kumi, mizunguko ile ile. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitangaza bei za mafuta, mimi nasoma kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Matengenezo nimetumia milioni 2.9, na sehemu kubwa ni kosa langu mwenyewe. Nitaeleza wakiuliza.

Nilichofurahia nitasema baadaye, maana kama nikianza nacho mtadhani nauza gari.

Kapuku Mstaarabu

Nimewahi siti ya mbele. Huyo ng'ombe tunamtaka.

Mzee wa Kirikuu

Nilijua tu. Siku 288 unavuta bodi tupu mjini, halafu unalalamika mafuta. Mkuu, ungechukua Kirikuu, kale ka Suzuki Carry. Injini cc 660, ukiweka mafuta ya elfu 20 unasahau lini uliweka. Spea hadi dukani kwa mangi zipo. Hiyo milioni 36 ungepata Kirikuu na IST yako ungebaki nayo, na chenji ungejengea banda.

Mkulima wa Jioni (mleta uzi)

Mzee wa Kirikuu, heshima yako. Lakini Kirikuu kwao Japani kimeandikwa kilo 350. Najua nyie mnapakia 800 na mnapanda nayo mlima mkiomba Mungu. Mimi kreti zangu ni kilo 20 kila moja, dabo kebini inabeba 30 nikizipanga vizuri. Na barabara ya kwetu Machi ina mikondo ambayo Kirikuu kinazama mpaka dirishani. Nimekiona kwa macho yangu, kilikuwa cha mwalimu.

Mzee wa Kirikuu

Huyo mwalimu hajui kuendesha.

Fundi Nozeli

Naomba mleta uzi aseme hiyo 2.9 ilikwenda wapi. Nina hisia najua.

Mkulima wa Jioni (mleta uzi)

Fundi, mwezi wa tano tangu ninunue, gari likaanza kugonga kidogo likiwa limepoa, likipata moto linanyamaza. Nikauliza mjini, nikaambiwa dizeli ndivyo zilivyo. Mwezi wa saba taa ya oili ikaanza kuwaka likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, nikikanyaga inazima. Nikaongeza oili. Ikaendelea. Fundi wa pili akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akatoa chujio la kuvutia oili limeziba na kitu kama lami. Akaniambia ungeendesha mpaka Makambako injini ingekufa njiani. Nikabadilisha washa za nozeli (zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda), nikasafishiwa nozeli zote nne, moja nikanunua. Pamoja na mkanda wa taimingi, ambao aliyeniuzia aliapa umebadilishwa.

Fundi Nozeli

Hapo hapo. Wakuu, hii ni ya kuandika ukutani kwa kila mwenye Vigo, ya 2KD na ya 1KD, hasa 1KD.

Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Ikichoka, moto wa ndani ya silinda unapenya kwenda juu, unaingia kwenye oili. Oili inageuka masizi mazito, yanashuka chini, yanaziba chujio la kwenye sampu. Pampu ya oili inakosa cha kuvuta. Injini inanoki, mwenye gari anasema Toyota za siku hizi si kama za zamani. Si kweli, washa ni vitu vya bei ndogo. Tatizo hakuna anayefungua mpaka ife.

Ukinunua Vigo ya mkononi usiulize kama gari ni zima, kila gari sokoni ni zima. Fungua kifuniko cha oili utazame kwa tochi. Kukiwa na masizi magumu kama ya sufuria la kijijini, ondoka au ukate bei ya kufungua sampu. Na mkanda wa taimingi ni kilomita 150,000. Maili zikishachezewa, hiyo namba haina maana, badilisha tu siku unayonunua.

Wenye injini za 3L na 5L za zamani najua mnacheka. Zile pampu ni ya chuma tupu, hazina kompyuta, fundi wa chini ya mwembe anazimaliza. Ila zikichemsha mara moja hedi inapasuka, msijisahau.

Binti wa Coventry

Habari za huko. Kaka mleta uzi, hiyo Vigo yako ilitokea nchi gani? Nauliza kwa sababu Hilux hazikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017. Toyota walisitisha kabisa soko la kwao, wakarudi na Revo, toleo lililofuata Vigo, zinazotengenezwa Thailand. Kwa hiyo yeyote anayekwambia Vigo yake "ya Japani, ilitumiwa na mzee mmoja" anakudanganya bila hata kujua. Nyingi zimetoka Thailand, Afrika Kusini, au huku kwetu Uingereza.

Mkulima wa Jioni (mleta uzi)

Dada, ni ya huko huko kwenu. Na aliyeniuzia alisema ya Japani, neno kwa neno. Hata mzee alikuwepo.

Binti wa Coventry

Pole. Basi lala chini ya gari leo. Huku kila kipupwe wanamwaga chumvi barabarani barafu isigande, na chumvi inakula chesesi kutokea ndani. Gari juu linang'aa, chini limekuwa biskuti. Wakitaka kuuza wanapiga rangi nyeusi nzito chini nzima. Gonga chesesi kwa nyundo ndogo, hasa nyuma pale springi inaposhika. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinasema puu.

Na jambo moja ambalo watu wa nyumbani hawalijui. Gari la huku likifikisha miaka mitatu linakaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaitwa MOT. Ukiwa na namba ya Uingereza ya hilo gari unaingia tovuti ya serikali, bure kabisa, unaona kila ukaguzi, umbali uliosomwa siku ile (wao wanaandika kwa maili), na maoni ya mkaguzi kama kuna kutu. Mjomba wangu alitaka kununua moja hapo Dar, dashibodi inasoma 98,000. Nikamwangalizia, ukaguzi wa mwisho huku ulisoma maili 163,000.

Mkulima wa Jioni (mleta uzi)

Nimelala chini na nyundo. Vijana wa mtaani wamekusanyika wakidhani nimegongwa. Kulia inalia. Kushoto nyuma imesema puu.

Fundi Nozeli

Usiogope, inakatwa na kuchomelewa kipande kizito, lakini mtafute mchomeleaji wa malori, si wa mageti. Na usipakie lumbesa mpaka iishe hiyo kazi.

Mama Parachichi

Mwanangu, mimi nakusoma tu muda wote. Niko Wanging'ombe, nanunua na kuuza. Nina singo kebini tangu 2016, Hilux ile ya kabla ya Vigo, injini 5L. Sijawahi kujuta hata siku moja, na nitakwambia kwa nini wewe unajuta. Ulitaka gari la kazi na gari la kwendea kanisani liwe moja. Dabo kebini ina bodi ya mita moja na nusu. Yangu inapita mita mbili na robo. Mimi napakia kreti 50 na kijana anakaa mbele na mimi. Wewe unapakia 30 na viti vya nyuma vinasafiri vitupu vikiwa na kiyoyozi.

Halafu la kuazimwa. Singo kebini haiazimwi ovyo, kwa sababu anayeazima naye anataka kubeba na shemeji zake. Wewe umewanunulia basi.

Kapuku Mstaarabu

"Umewanunulia basi." Mama kaua.

Mkulima wa Jioni (mleta uzi)

Shikamoo mama. Umenigusa pabaya, maana ni kweli. Nilipokwenda Dar mkononi nilikuwa na karatasi imeandikwa singo kebini. Yadi niliyokwenda zilikuwepo mbili za bei nafuu. Mke wangu, ambaye nilikuwa nampigia picha kwa simu, akauliza watoto watakaa wapi. Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Tuna watoto watatu. Singo kebini ningelazimika kubaki na IST, na IST ndiyo ilikuwa milioni 11 za kuongezea.

Mama Parachichi

Marahaba. Hapo umejitetea vizuri, nakuachia.

Hesabu Hazidanganyi

Ngoja niwe mbaya kidogo. Mkuu, Canter ya kukodi shamba hadi mjini ni shilingi ngapi?

Mkulima wa Jioni (mleta uzi)

120,000 kiangazi. Masika 200,000, kama akikubali kuja.

Hesabu Hazidanganyi

Tuchukue 120,000. Siku 57 za mzigo wako ni 6,840,000, hiyo ndiyo umeokoa. Mafuta umeongeza elfu 50 kwa wiki, wiki 61, ni 3,050,000. Matengenezo 2,900,000. Inabaki 890,000. Umeongeza milioni 25 juu ya IST ili uokoe laki tisa kasoro kwa miezi 14, na riba ya SACCOS sijaigusa. Hili ni jeneza lenye magurudumu manne. Na hao wa siku 81 ungewatoza hata elfu 30 tu kila mmoja, ungekuwa na 2,430,000.

Mkulima wa Jioni (mleta uzi)

Hesabu zako nimezipitia mara mbili, hazina kosa. Kilichokosekana ni safu moja, na ndiyo ile furaha niliyosema nitaileta baadaye.

Parachichi likishachumwa haliulizi barabara. Msimu wa mwisho wa kukodi nilivuna kreti 300, tani 6. Canter ya kwanza ilikwama, ya pili ikaniambia kesho, kesho ikawa keshokutwa. Kreti zilikaa shambani siku tatu zimefunikwa turubai. Mnunuzi alipozichambua alikataa kreti 100. Bei ya zilizopita ilikuwa 1,600 kwa kilo, nilizokataliwa niliuza sokoni 500. Tofauti ni shilingi 1,100 kwa kilo, kilo 2,000. Milioni 2.2 zilibaki chini ya turubai.

Msimu huu mavuno yalikuwa yale yale. Tukichuma asubuhi, saa nane mchana mzigo uko kwa mnunuzi. Tripu kumi. Nilikataliwa kreti 20. Kwa hiyo andika 1,760,000 upande wangu.

Na gari lenyewe. Mwezi uliopita dalali alinisimamisha pale stendi akaniambia milioni 34, hata boneti hajafungua. IST ingekuwa imeshuka zaidi ya hapo. Kwa hiyo zile milioni 25 hazijaliwa, zimeegeshwa.

Hesabu Hazidanganyi

Dalali hajagonga chesesi kwa nyundo.

Mkulima wa Jioni (mleta uzi)

Hilo nalo ni kweli.

Msafiri wa Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Nyinyi mna bahati hata ya kuchagua. Huku gari la mtumba likizidi miaka minane haliingii, kwa hiyo Vigo ya 2010 hatuwezi kuileta tena. Dabo kebini ya umri unaokubalika bei yake utauza ng'ombe na zizi. Wengi wetu wakulima tuna Isuzu, D-Max zinaunganishwa hapa hapa Nairobi, spea hazisumbui na injini ya 4JJ1 ina cheni badala ya mkanda. Ila ukikaa siti ya nyuma safari ndefu, mgongo utakumbuka. Ndugu yangu aliuza yake akarudi kwa Probox. Anabeba maziwa na anasema hajawahi lala vizuri hivyo. Mimi yangu siuzi. Si kwa hesabu, naipenda tu.

Mume wa Ranger

Nilikuwa nasubiri mtu aseme anapenda. Nina Ford Ranger 3.2, silinda tano. Kila mtu mtaani aliniambia nitajuta na wote walikuwa sahihi: spea naagiza, fundi wanaoijua hapa Mbeya nawahesabu kwa mkono mmoja. Ushauri mmoja kwa wenzangu wa 2.2 na 3.2: oili ikimwagwa isikae imemwagwa muda mrefu mkaenda kula. Fundi amwage, abadilishe filta, ajaze papo hapo. Pampu ya oili kwenye hizi ikikauka inashindwa kuvuta, mkiwasha injini inazunguka kavu. Fundi wangu wa kwanza alimwaga saa nne asubuhi akaenda msibani.

Lakini nikiwa barabara ya Chunya usiku, ile torki inavyovuta mlima, najisamehe yote.

Kapuku Mstaarabu

Wote mmeongea. Ng'ombe bado.

Mkulima wa Jioni (mleta uzi)

Haya. Ni ng'ombe wa mahari, wa binamu yangu. Nilikataa mara mbili, mara ya tatu akaja baba mdogo mwenyewe, na baba mdogo akija hukatai. Bodi ya mita moja na nusu, ng'ombe ni mrefu kuliko bodi. Wakafungua mlango wa nyuma, wakamfunga kamba. Kwenye tuta la pili akaamua kulala. Kioo cha nyuma cha kebini kilipasuka kwa pembe, laki mbili na themanini. Tulipofika ukweni wazee wakasema ng'ombe ana wasiwasi, tumrudishe tulete mwingine. Siku hiyo nimeiandika kwenye daftari kama mbili.

Mume wa Ranger

Nimecheka mpaka mke ameuliza.

Chipukizi 2

Mkuu kwa hiyo mimi ninayetaka kuchukua, nichukue au nisichukue? Nina milioni 40, niko Dar, Kimara, sina shamba ila nina mpango.

Mama Parachichi

Nunua shamba kwanza, mwanangu.

Mkulima wa Jioni (mleta uzi)

Mrejesho, kwa waliouliza kule inboksi.

Chesesi imeshachomelewa, fundi wa malori, 350,000. Nimeiandika. Baadaye dalali alirudi, safari hii milioni 33. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama watoto tuuze, tuchukue singo kebini ya zamani kama ya Mama Parachichi na kagari kadogo. Nikamwonesha na hesabu za huyu bwana Hesabu Hazidanganyi.

Alisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Hakusema kitu kuhusu mafuta wala nozeli. Akaweka kidole kwenye 81. Akasema gari halina kosa, mwenye funguo ndiye mwenye kosa. Tangu siku hiyo funguo anakaa nayo yeye, na daftari limehamia dukani kwake. Anayeazima anakwenda kuongea naye. Sharti ni moja: lita 20 za dizeli kwanza, zikiwa kwenye dumu, ndipo mazungumzo yaanze.

Ni wiki ya tano. Binamu hajaonekana. Jirani wa mabati kakodi guta. Baba mdogo alipiga simu, wakaongea kama dakika kumi na tano, wakaagana kwa amani, ila gari halikutoka. Aliyekuja mpaka sasa ni mchungaji peke yake, Jumamosi iliyopita, kuchukua viti vya semina. Alikuja na dumu limejaa mpaka shingoni.